Kukagua kituo cha uuguzi chenye ithibati ya Medicare kabla mzee hajatoka hospitali

Mama kavunjika nyonga, kapasuliwa, na asubuhi ya siku ya nne ofisa ustawi wa jamii wa hospitali anaingia chumbani na orodha ya vituo kumi na viwili: chagueni kimoja, kesho anaruhusiwa. Familia nyingi Marekani hukutana na kituo cha uuguzi wa kitaalamu kwa namna hiyo, wakiwa na usingizi machoni na saa ishirini na nne mkononi. Mwongozo huu umepangwa kufuata haraka hiyo. Anza nao siku ile ile mzee anapolazwa, usingoje siku ya kuruhusiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Kituo cha uuguzi wa kitaalamu, ambacho Wamarekani hukiita SNF, ni mahali pa muda mfupi baada ya hospitali: fiziotherapia, kusafisha kidonda cha upasuaji, dawa za dripu, mafunzo ya kumeza baada ya kiharusi. Makao ya kuishi ya wazee ni kitu kingine, ingawa mara nyingi viwili hivyo viko chini ya paa moja na hata kwenye korido moja. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, hulipia cha kwanza. Cha pili, yaani kuogeshwa, kulishwa na kubadilishwa pampasi mwaka hadi mwaka, hailipii.

Vituo vyenye ithibati ni karibu 15,000 nchi nzima. Ithibati maana yake kituo kimetimiza masharti ya chini kabisa ya CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare, na hivyo kinaruhusiwa kuilipisha. Haikuambii zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha mzee amelazwa kweli

Hili linaonekana jambo la makaratasi, lakini ndilo linaloziacha familia na deni. Ili Medicare ya kawaida ilipie kituo, mgonjwa lazima awe amelazwa rasmi hospitali kwa siku tatu mfululizo. Siku ya kulazwa inahesabiwa, siku ya kuruhusiwa haihesabiwi. Aliyelazwa Jumatatu na kutoka Alhamisi ana siku tatu. Aliyetoka Jumatano hana.

Mtego uko kwenye neno uangalizi. Mtu anaweza kulala kitandani wodini siku mbili, akavalishwa gauni la hospitali, akapimwa na kupewa dawa, kumbe kwenye kompyuta ameandikwa yuko chini ya uangalizi, yaani anahesabiwa kama mgonjwa wa nje. Siku hizo hazihesabiwi hata moja. Akikaa hivyo zaidi ya saa 24, hospitali inatakiwa kumpa karatasi iitwayo MOON, ya kumwarifu kwamba yuko chini ya uangalizi, kabla ya saa 36 kutimia. Wengi huisaini wakidhani ni ridhaa ya matibabu.

Kwa hiyo kila siku muulize nesi au daktari kwa maneno haya: "Leo ameandikwa amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?" Ukiambiwa uangalizi, zungumza na daktari mwenyewe angali wodini, kwa sababu kuibadilisha hali hiyo baada ya kutoka ni vigumu mno. Aliyekuwa amelazwa rasmi kisha hospitali ikamshusha hadi uangalizi amepata haki ya kukata rufaa kuanzia 2025, kwa masharti fulani.

Baada ya kutoka ana siku 30 za kuingia kituoni. Malipo yanakwenda hivi: siku ya 1 hadi ya 20 halipi kitu, siku ya 21 hadi ya 100 anachangia kila siku, dola 209.50 kwa mwaka 2025 na dola 217 kwa mwaka 2026. Kuanzia siku ya 101 kila kitu ni juu yake. Siku 80 mara dola 217 ni dola 17,360. Bima ya nyongeza au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kubeba sehemu hiyo, basi jueni mapema kama mzee anayo. Na hizo 100 ni kikomo tu, hakuna aliyeahidiwa zote: malipo hukoma siku ambayo hahitaji tena huduma ya kitaalamu kila siku.

Mwenye Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, ana kanuni zake. Mara nyingi hahitaji zile siku tatu, lakini kwa kawaida kituo kinatakiwa kiwe kwenye mtandao wa kampuni na kibali kipatikane kabla ya kuhamishwa. Piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi yake kwanza, ndipo uanze kupenda vituo.

Neno kwa familia za wahamiaji. Mzazi aliyeletwa na watoto, ambaye hakufanya kazi na kulipa kodi Marekani kwa takriban miaka kumi, hapati bure sehemu A ya Medicare, ile inayolipia hospitali na kituo, na mwenza wake akiwa hajafanya kazi hiyo hawezi kumbeba. Akiwa na green card na ameishi nchini miaka mitano mfululizo anaweza kuinunua, kwa ada kamili inayozidi dola 500 kwa mwezi. Na sheria iliyosainiwa Julai 2025 imewatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana green card. Waliokuwa tayari ndani ya Medicare wanaondolewa ifikapo Januari 2027. Mkimbizi anaweza kuomba green card baada ya kukaa mwaka mmoja. Kama babu au bibi yenu alitoka kambini na karatasi hiyo bado iko mezani haijajazwa, ijazeni wiki hii.

Hatua ya 2: Punguza orodha hadi vituo vitatu au vinne

Hospitali inatakiwa kukupa orodha na kuheshimu uchaguzi wako, na ikiwa ina maslahi ya kifedha kwenye kituo fulani inapaswa kusema. Ukisikia "sisi huwa tunapeleka hapa," jibu kwa upole kwamba mtachagua wenyewe, kisha omba jalada la mzee litumwe vituo vitatu au vinne kwa mpigo. Kituo kina haki ya kukataa mgonjwa au kusema kimejaa, na kungoja jibu moja moja kunakula siku.

Kigezo cha kwanza cha kuchuja ni umbali kutoka kwa yule atakayekwenda kila siku. Siyo kutoka kwa mtoto mwenye gari zuri, bali kwa yule atakayekwenda kweli. Mgonjwa anayetembelewa saa zisizotabirika hugeuzwa kitandani, hunyweshwa maji na husikilizwa zaidi. Kituo cha nyota nne kilicho dakika kumi na tano kutoka nyumbani mara nyingi ni bora kuliko cha nyota tano kilicho saa moja na nusu.

Kigezo cha pili ni hali yenyewe ya mgonjwa. Piga simu, omba ofisa wa mapokezi ya wagonjwa wapya, na uliza: "Leo mna wagonjwa wangapi wenye hali kama yake?" Swali hilo linamzuia kujibu "tunaweza." Kama ana dripu ya antibayotiki kupitia mshipa mkubwa, uliza ni nani anayeibadilisha usiku. Anayesafishwa figo, nani anampeleka na kumrudisha, na chakula cha siku hiyo kinamngoja? Anayesahau na kutangatanga, milango ya nje ina kengele?

Cha tatu: kama kuna uwezekano wowote kwamba hatarudi nyumbani, uliza kama vitanda vina ithibati ya Medicaid pia, na kama mgonjwa anayemaliza siku zake za Medicare huruhusiwa kubaki. Kuna vituo vyenye ithibati hiyo kwa sehemu tu ya jengo.

Hatua ya 3: Soma chini ya nyota

Kwenye tovuti ya Medicare.gov kuna sehemu iitwayo Care Compare. Andika jina la kituo, na utaona nyota kutoka 1 hadi 5. Usiishie hapo. Nyota za jumla huanzia kwenye nyota za ukaguzi wa afya, kisha moja huweza kuongezwa au kupunguzwa kwa sababu ya wafanyakazi, na nyingine kwa sababu ya vipimo vya ubora. Vipimo vya ubora kwa sehemu kubwa hutokana na taarifa ambazo kituo chenyewe hujaza juu ya wagonjwa wake. Kituo chenye nyota tatu za ukaguzi kinaweza kuonekana cha nne kwa sababu ya alama kilizojipa. Ngoma inayochezwa na kuhukumiwa na mpigaji yule yule, basi.

Tena, nyota za ukaguzi hugawiwa kwa kulinganisha vituo vya jimbo moja tu: asilimia 10 bora wanapata tano, asilimia 20 za mwisho wanapata moja, waliobaki wanagawana zilizo katikati. Kwa hiyo nyota nne za Texas na nyota nne za Minnesota si kitu kimoja. Ukitaka kulinganisha majimbo mawili, kwa mfano kama mzee atahamia kwa mwanawe mwingine, soma ripoti zenyewe.

Fungua sehemu hizi kwa mpangilio huu: ukaguzi, wafanyakazi, kisha vipimo vya ubora. Kwenye vipimo, angalia vya wagonjwa wa muda mfupi peke yake kwa sababu vina nyota zake: wangapi walirudishwa hospitali, wangapi walirudi nyumbani salama. Vya wakazi wa muda mrefu havikuhusu kwa sasa.

Ukiona alama nyekundu yenye kiganja cha mkono, kituo kimepatikana na kosa la unyanyasaji. Alama ya tahadhari ya njano ni ya vituo vilivyo kwenye uangalizi maalumu wa serikali kwa rekodi mbaya ya muda mrefu. Katika hali zote mbili, kama kuna kituo kingine, ruka.

Tazama pia mmiliki. Tovuti inaonyesha walio na hisa za kuanzia asilimia 5. Kama umiliki umebadilika mwaka huu au jana, ripoti nzuri za nyuma zinamsifia mtu aliyekwisha ondoka.

Hatua ya 4: Ripoti ya ukaguzi, fomu 2567

Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na kati ya ukaguzi mmoja na unaofuata haipaswi kupita miezi 15. Pia huja wakipokea malalamiko. Wanachokikuta huandikwa kwenye fomu inayoitwa CMS-2567, na kituo kinalazimika kuiweka mahali ambapo mgeni anaweza kuifikia bila kuomba. Mara nyingi ni jalada la plastiki lililoning'inizwa karibu na mlango wa mbele. Likiwa ofisini kwa meneja, "ngoja nikutafutie," hilo peke yake limekwisha kukuambia kitu.

Kila kosa lina namba inayoanza na F na herufi moja kutoka A hadi L. Herufi ndiyo uzito. A, B na C ni mambo madogo. D, E na F: hakuna aliyeumia ila angeweza, na hizi utazikuta karibu kila kituo. G, H na I: mtu aliumia kweli. J, K na L: maisha yalikuwa hatarini hapo hapo. Ndani ya kila kundi, herufi ya kwanza ni kosa la mtu mmoja mmoja, ya pili linajirudia kwa wengi, ya tatu limeenea kituo kizima.

Anza na herufi kuanzia G na kupanda, soma kila moja neno kwa neno. Kisha tafuta namba hizi hata kama herufi yake ni ndogo: F686 (vidonda vya kulalia), F689 (kuanguka na ajali), F725 (wauguzi hawatoshi), F760 (makosa makubwa ya dawa), F600 (unyanyasaji au kutelekezwa). Namba moja ikijirudia ukaguzi hata ukaguzi ni mbaya kuliko namba tano tofauti za mara moja moja, maana ahadi ya kurekebisha iliyoandikwa safu ya kulia ilibaki kwenye karatasi.

Ripoti ni ndefu na Kiingereza chake ni kikavu, lakini ndani yake kuna mambo ambayo hakuna ofisa wa mapokezi atakayekuambia: mgonjwa namba fulani aliachwa kwenye pampasi iliyolowa kutoka saa ngapi hadi saa ngapi, kengele ililia dakika ngapi, kisigino kilikuwa cheusi siku ngapi kabla daktari hajaitwa. Kurasa tatu za namna hiyo zina faida kuliko ziara iliyopangwa.

Hatua ya 5: Hesabu mikono

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote haya, fanya hili. Vidonda vya kulalia, kuanguka usiku, kukaukiwa maji, kuchelewa kugundua homa ya mapafu: vingi huanzia mahali pamoja, mtu aliyepaswa kupita chumbani hakupita kwa sababu alikuwa chumba kingine.

Wafanyakazi wa uuguzi wako ngazi tatu. RN ni muuguzi aliyesajiliwa, mwenye uwezo wa kumpima mgonjwa na kuamua. LPN, ambaye Texas na California huitwa LVN, hugawa dawa na kufunga vidonda. CNA ni msaidizi anayeogesha, kulisha, kugeuza na kupeleka chooni; sheria ya serikali kuu inamtaka awe na mafunzo ya saa 75 tu, ingawa majimbo mengi yanadai zaidi. Sheria hiyo inataka RN awepo saa 8 kwa siku, siku zote saba, na muuguzi mwenye leseni saa zote 24. Idadi ya CNA haitajwi. Inasemwa tu wawe wa kutosha. Kanuni iliyotolewa 2024 ingeweka kiwango cha saa 3.48 kwa mgonjwa kwa siku, lakini mahakama ikaifuta 2025 kabla haijaanza kubana. Kwa hiyo kipimo lazima ukibebe wewe.

Kipimo kinachofaa ni cha utafiti wa CMS yenyewe wa 2001: jumla ya saa 4.1 za uuguzi kwa kila mgonjwa kwa siku, na kati ya hizo karibu saa 2.8 ziwe za CNA.

Kila kituo kinatakiwa kubandika kila siku, mwanzoni mwa zamu, idadi ya wagonjwa na wauguzi waliopo. Itafute ukutani karibu na mapokezi, ipige picha, ukague tarehe ni ya leo. Tuseme imeandikwa wagonjwa 60. Asubuhi RN 1, LPN 3, CNA 6. Jioni LPN 3, CNA 5. Usiku LPN 2, CNA 3. Jumla ni watu 23, mara saa 8, ni saa 184. Gawanya kwa 60: saa 3.07. Za CNA peke yake ni 14 mara 8, saa 112, gawanya kwa 60: 1.87. Chini ya kipimo, na mbali.

Sasa iweke kwa lugha ya mgonjwa. Jioni CNA mmoja ana watu 12. Zamu ya dakika 480 ukiigawa kwa 12 ni dakika 40 kwa kila mtu, na humo ndani mna chakula cha jioni, choo mara mbili au tatu, kubadilishwa nguo, kulazwa, kuandika kwenye kompyuta na mapumziko yake mwenyewe. Mgonjwa wa kunyanyuliwa na watu wawili anakula dakika za wenzake kumi na mmoja. Usiku mmoja ana 20.

Kisha rudi Care Compare, sehemu ya wafanyakazi. Takwimu hizo zinatoka kwenye rekodi za mishahara, si kwenye maneno ya kituo, ndiyo maana tunaziamini kuliko vipimo vya ubora. Angalia saa za wikiendi ukizilinganisha na za wiki nzima, na asilimia ya wauguzi walioacha kazi katika mwaka. Pembeni tovuti inaweka wastani wa jimbo na wa taifa. Kituo kinachopoteza wauguzi wake kuliko majirani kina sababu.

Hatua ya 6: Nenda mara mbili

Ya kwanza siku ya kazi, kuanzia saa tano asubuhi hadi chakula cha mchana. Ya pili Jumamosi au Jumapili jioni, bila taarifa. Ziara ya pili ndiyo ya kweli: mkurugenzi hayupo, maua ya mapokezi yameanza kunyauka, na zamu ni nyembamba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Piano na maporomoko ya maji ya ukumbini yamewekwa kwa ajili yako, mzee atalala nyuma.

Simama koridoni na tazama taa zilizo juu ya milango, zile zinazowaka mgonjwa akibonyeza kengele. Pima kwa saa ya simu. Dakika tano ni vizuri, kumi inavumilika, na ikipita kumi na tano huku wafanyakazi wanaipita taa bila kuiangalia, ondoka. Tazama mikono ya wagonjwa: kucha, midomo iliyokauka, jagi la maji liko mkono unapofika au ng'ambo ya chumba? Saa tano asubuhi, wangapi bado wamevaa nguo za kulalia? Harufu ya chumba kimoja ni ya mtu aliyejisaidia sasa hivi. Harufu ya korido nzima ni ya zamu nzima. Marashi makali ya kupuliza nayo yahesabu humo humo.

Wakati wa chakula hesabu wanaohitaji kulishwa na wanaolisha. Sinia zinazorudi zimejaa maana yake hakuna aliyekaa na mgonjwa. Uliza chakula cha jioni ni saa ngapi na kifungua kinywa saa ngapi. Kati yao hayatakiwi kupita masaa 14, isipokuwa kuna kitafunio cha maana usiku. Kwa mzee Mwislamu uliza jikoni wanafanyaje kuhusu nguruwe na gelatini, maana menyu inapaswa kuzingatia dini na desturi ya mgonjwa. Vituo vingi huruhusu chakula cha nyumbani, lakini kama mtaalamu wa kumeza ameagiza chakula laini au vinywaji vizito, pilau ya shangazi inaweza kuingia kwenye mapafu. Tumeona familia nzuri zikikosea hapo kwa mapenzi tu.

Kuhusu fiziotherapia, uliza dakika ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, mmoja mmoja au kwa kundi, na Jumamosi je? Tangu Oktoba 2019 Medicare hailipi tena kwa kuhesabu dakika za mazoezi, hivyo kituo hakipati zaidi kwa kufanya zaidi. Kwa mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya mazoezi, malipo ya Medicare yanategemea angalau siku tano kwa wiki. Chini ya hapo, ombeni maelezo.

Lugha haikwepeki. Mzee ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure. Usiridhike na "tunaye mkalimani". Omba wakuonyeshe, wapige simu hapo hapo. Taja lugha sawasawa: Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vinasikilizana, lakini mzee anayezungumza Kirundi au Kinyamulenge nyumbani aandikiwe hivyo. Mjukuu wa miaka kumi na minne asitafsiri habari za kansa. Na dada Mkenya au Mkongomani anayefanya kazi pale kama CNA, ambaye katika miji mingi utamkuta, ni faraja kubwa kwa mzee lakini si mkalimani. Ana watu wengine kumi na mmoja. Hata hivyo yeye ndiye mtu wa kumuuliza, kwa heshima na pembeni: "Dada, mama yako ungemleta hapa?" Akisita, umejibiwa.

Kabla ya kuamua, pigia ofisi ya mtetezi wa wagonjwa wa vituo vya uuguzi, ambaye kila jimbo linaye na huitwa ombudsman. Hawezi kukuchagulia, lakini atakuambia aina ya malalamiko anayopokea kutoka pale.

Hatua ya 7: Kabla ya kusaini

Mkataba huletwa wakati mzee ameshawekwa kitandani. Uchukue, soma nyumbani. Mambo matatu:

Kituo hakiruhusiwi kumtaka mtu mwingine adhamini malipo ya mgonjwa kwa mali yake mwenyewe kama sharti la kumpokea. Lakini fomu huwa na mstari wa «responsible party», yaani mhusika wa malipo, na mtoto akisaini hapo kwa jina lake tupu anaweza kuja kudaiwa. Anayeshika fedha za mzee kisheria aandike jina la mzee, kisha lake, na kwamba anasaini kama wakala. Asiye wakala asisaini mstari huo.

Makubaliano ya usuluhishi, yanayoondoa haki ya kwenda mahakamani mzee akiumia, hayawezi kuwa sharti la kupokelewa, na aliyesaini ana siku 30 za kuyafuta. Tunashauri yarudishwe bila saini.

Uliza kitanda kinashikiliwaje mzee akirudishwa hospitali, na kwa bei gani. Medicare hailipii siku hizo.

Hatua ya 8: Siku ya kuhama na baada yake

Kwepa Ijumaa jioni ikiwezekana. Mtaalamu wa mazoezi anaweza asimwone hadi Jumatatu, zamu ni nyembamba, na famasi kwa kawaida haiko ndani ya jengo. Omba hospitali impe dozi za mchana kabla hajapakiwa, na dawa kali za maumivu zitoke na cheti kilichosainiwa na daktari. Bila hicho famasi haitazitoa, na mtu aliyepasuliwa juzi atalala usiku mzima na maumivu.

Siku ya kwanza, mbele ya nesi, kagueni ngozi: visigino, makalio, mgongo chini, viwiko. Piga picha zenye tarehe. Kidonda kikitokea baadaye hakutakuwa na ubishi kilianzia wapi. Ndani ya saa 48 kituo kinapaswa kuwa na mpango wa awali wa huduma; omba muhtasari wake. Tathmini kamili hutakiwa ndani ya siku 14, na mpango kamili ndani ya siku 7 baada ya hapo. Kikao cha mpango huo hudhurini, hata kwa simu. Daktari anatakiwa kumwona angalau kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo.

Mkiona mmekosea, hamjafungwa. Mzee anaweza kuhamia kituo kingine, ila siku alizokwisha tumia haziondoki. Zinaendelea kuhesabiwa kutoka pale pale. Hesabu huanza upya baada ya siku 60 mfululizo bila kulazwa wala huduma ya kitaalamu.

Mara nyingi simu ya kusitisha malipo huja mapema, wiki ya tatu hivi: "hapigi hatua tena." Kutokupona haraka siyo sababu inayotosha. Maafikiano ya kesi ya Jimmo dhidi ya Sebelius, yaliyoidhinishwa Januari 2013, yalithibitisha kwamba huduma ya kitaalamu ya kudumisha hali au kupunguza kasi ya kudhoofika inalipiwa pia. Kituo lazima kitoe taarifa ya maandishi angalau siku mbili kabla ya malipo kukoma. Kuisaini ni kukiri umeipokea, si kukubali. Rufaa inapigwa kwa simu, namba iko kwenye karatasi hiyo hiyo, na mwisho wake ni saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya kukoma. Waambie mnahitaji mkalimani wa Kiswahili, andikeni jina la aliyepokea na saa, na siku hiyo hiyo ombeni kituo nakala ya rekodi za mazoezi za siku saba zilizopita.